Mwaka wa Thelathini wa Mvua

Ilikuwa siku ya pili ya kilio, tumekaa kwenye viti vya plastiki uani kwa marehemu huko Kadutu, mjini Bukavu, fundi wa msalaba alipotuma mtu kuuliza aandike mwaka gani wa kuzaliwa. Marehemu alikuwa Maman Nsimire, mjane wa Papa Birindwa, mwanamke aliyenipikia mwaka mzima nilipokuwa na miaka ishirini. Watoto wake wakatazamana. Kadi yake ya uchaguzi ilitaja mwaka mmoja, karatasi ya ubatizo ikataja mwingine, na mdogo wake, bibi asiye na jino hata moja, akaapa kwamba wakati nzige walipomaliza mashamba marehemu alikuwa tayari anakwenda mtoni kuchota maji. Ni nzige wa mwaka upi, hakuna aliyejua. Nsimire, binti mkubwa, ambaye leo naye ni bibi kama mimi, akanigeukia na kuniuliza kama rejista za mvua za baba yake hazikuwa zimeandika lolote juu ya jambo hilo. Nilicheka, na wazee wa upande wa pili wakanitazama kwa jicho la kunikanya, kwani kilio si mahali pa kuchekea. Lakini ningefanyaje? Papa Birindwa aliandika mvua ya siku elfu kumi na zaidi hadi sehemu ya kumi ya milimita, na mke wake mwenyewe hakuwahi kumwandika alizaliwa lini. Mwishowe fundi aliambiwa aweke neno la Kifaransa "vers" mbele ya mwaka, yaani karibu na hapo, kama wakubwa wengi wa kwetu walivyoandikwa. Nami nikarudi nyumbani na mwaka ule wote wa ujana wangu kichwani, nikashindwa kufanya kitu kingine hadi nilipokaa kuuandika.

Nilikuwa nimepata diploma ya sekondari, nafasi ya kuingia institut kusomea ualimu ingefunguliwa mwaka uliofuata, na mimi sikuwa na kazi ila kusoma vitabu na kula chakula cha watu. Padri wa parokia yetu, aliyechoka kuniona nikiazima vitabu vyake na kuvirudisha vikiwa na alama za mafuta, akaniambia kuna mzee mmoja anatafuta macho. Ndivyo alivyosema, anatafuta macho. Mzee mwenyewe alikuwa mwangalizi wa kituo kidogo cha mvua, juu ya mteremko unaotazama ziwa, na macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na ukungu. Kazi yangu ingekuwa kusoma kipimo kila asubuhi, kuandika alichoniambia niandike, na kumsomea. Nilipewa chumba cha nyuma ya ofisi. Kilikuwa na kitanda cha chuma, sakafu ya simenti iliyopasuka katikati, misumari mitatu ya kutundikia nguo na dirisha moja ambalo lilinionyesha ziwa lote na milima ya ng'ambo. Paa lilikuwa la mabati bila dari, na mvua iliponyesha usingesikia hata mtu akikuita mlangoni. Nimelala katika vyumba vizuri zaidi ya hicho maishani mwangu, baadhi vikiwa na mapazia. Hakuna hata kimoja ninachokikumbuka vizuri hivyo.

Kipimo chenyewe kilikuwa kitu cha kawaida sana, na nilipokiona mara ya kwanza nilivunjika moyo. Ndani ya ua wa waya, juu ya gogo lililosimikwa ardhini, palikuwa na mtungi wa zinki wenye mdomo mpana, na kando yake glasi ndefu nyembamba yenye mistari. Maji yaliyoanguka tangu asubuhi ya jana unayamimina ndani ya glasi, unainama mpaka jicho lilingane na maji, unasoma. Basi. Saa mbili kamili asubuhi, kila siku, Krismasi na Pasaka pia. Papa Birindwa alikuwa amefanya hivyo kwa miaka ishirini na tisa kabla sijafika, na yeye mwenyewe hakujua umri wake. Karani mmoja wa zamani, alipokuwa anamwandikisha kazini, alimwambia afungue kinywa, akatazama meno, akaandika mwaka. Kwa hesabu ya meno hayo alipaswa kustaafu mwisho wa Desemba. Jambo hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua, kilichomfanya aamke kabla ya jogoo na kupapasa njia kwa fimbo mpaka kwenye ua wa waya, ni kwamba Desemba hiyohiyo ndiyo ingetimiza miaka thelathini ya kipimo chake. Watu wa elimu ya hali ya hewa wanataka miaka thelathini, isiyopungua siku, ndipo wathubutu kusema mvua ya mahali fulani ni kiasi gani. Chini ya hapo, alinieleza, unasema tu hadithi za mvua. Inspekta wa kazi hiyo angekuja kutoka mji mkuu, angezikagua rejista, na kama zimekamilika angetia sahihi. Vituo vingi vya jimbo letu vilikuwa na mapengo: vita, ugonjwa, mwangalizi aliyekwenda Kamituga kutafuta dhahabu akasahau kurudi. Cha kwake hakikuwa na pengo hata moja. Siku aliyooa alipima kwanza, akaoa baadaye.

Nyumba yao ilikuwa hatua thelathini kutoka ofisini, na hatua hizo nilizikanyaga mara nyingi kuliko ilivyonipasa, kwa sababu ya jiko la Maman Nsimire. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, asiyependa maneno mengi, na alikuwa na imani moja isiyotikisika, kwamba maharagi yanaiva upesi na kulainika kwa maji ya mvua tu, maji ya bomba yanayafanya magumu kama kokoto. Kwa hiyo palikuwa na desturi kati ya mume na mke. Maji yaliyokwisha kupimwa hayamwagwi ardhini. Tukishaandika, tunayatia kwenye kopo la enameli na kumpelekea jikoni. Hata yakiwa kidogo tu, ya kujaza kikombe cha kahawa, yanakwenda kwenye chungu pamoja na mengine aliyoyakinga chini ya paa. Papa Birindwa alisema huo ndio mshahara wa mke wa mwangalizi. Mchana tulikula ugali wa muhogo na maharagi hayo, au mboga ya lengalenga, na siku za soko sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwa letu ambao unawala na kichwa chao. Nilinenepa. Mpaka leo, daktari wangu akinikataza mafuta, ninamwona ni mtoto ambaye hajawahi kukaa katika jiko la maana.

Kati ya chakula na jioni nilimsomea. Alitaka asomewe rejista zake tangu mwanzo, tarehe kwa tarehe, tujumlishe upya kila mwezi ili inspekta asipate kosa la hesabu. Nilidhani nitakufa kwa uchovu. Lakini pembeni mwa kila ukurasa palikuwa na safu ya maelezo, iliyoitwa kwa Kifaransa observations, na humo, badala ya kuandika kama alivyofundishwa, mawingu au upepo, aliandika chochote kilichompata. Mvua ya mawe, migomba mitatu chini. Manyunyu, harusi kwa jirani. Siku moja palikuwa na milimita sita na pembeni maneno mawili tu: Nsimire amezaliwa. Mwezi mzima ukafuata bila maneno, namba tupu, na nilipomuuliza akaniambia mtoto alikuwa analia sana. Nilianza kungojea kurasa hizo kama mtu anavyongojea barua. Siku nilipochoka na namba, nilimsomea riwaya moja ya Kifaransa niliyoipata kwa padri, isiyokuwa na jalada wala kurasa za mwanzo, hata leo sijui iliitwaje wala nani aliitunga. Nilikuwa ninamtafsiria kwa Kiswahili sentensi baada ya sentensi, nikiona fahari. Alisikiliza vizuri mpaka tulipofika mahali ambapo mwandishi anasema kwamba miaka kumi ikapita. Akainua mkono.

"Nani alipima ile miaka kumi?"

Nilimweleza kwamba ndivyo riwaya zinavyofanya, zinaruka. Akauliza zinarukia wapi. Nikasema zinaacha siku ambazo hakuna kitu kilitokea. Alifikiri, kisha akasema kwa masikitiko ya kweli kwamba huyo mzungu alikuwa mwangalizi mbaya. Nimefundisha fasihi miaka thelathini na mitano baada ya hapo, nimesimama mbele ya mbao nyeusi nyingi na kueleza namna mtunzi anavyokunja na kukunjua wakati, na kila mara nilipofika kwenye somo hilo nilimwona mzee yule akiinua mkono, nikapoteza nusu ya uhakika wangu. Mjukuu wangu anayesoma hesabu chuoni ameniambia kwa nini miaka ya sasa inanikimbia: ukiwa na miaka ishirini, mwaka mmoja ni sehemu moja ya ishirini ya maisha yako, ukiwa na sitini na tisa, ni kipande chembamba tu. Hesabu ni nzuri, nami nilimpongeza. Ila sidhani ndiyo sababu. Mwaka ule ulikuwa mrefu kwa kuwa kila siku tuliipitia mara mbili, asubuhi kwenye glasi, na alasiri kwa sauti.

Mwezi wa nne dada yake Papa Birindwa akaugua huko Luvungi, katika bonde la Ruzizi, na ikambidi ateremke na lori kwenda kumwona. Siku mbili tu. Ilikuwa mara ya kwanza kuniachia kipimo peke yangu, na aliniachia maagizo ya mtu anayekwenda Ulaya. Aliondoka amevaa saa yake mkononi, ingawa hakuweza tena kuona mishale yake, na hakuna aliyewaza kumwomba aiache. Haikunitia wasiwasi, kwani jirani yetu fundi cherehani alikuwa na redio ambayo ilisikika mtaa mzima. Redio ya mji mkuu ilitangaza saa ya mji mkuu, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Kila mtu wa Bukavu anajua hivyo tangu utotoni. Unasikia, unaongeza moja, bila kufikiri. Usiku ulikuwa wa mvua kubwa sana. Asubuhi niliamka mapema, nikawasha makaa, nikakaa kitandani na riwaya yangu nikingojea saa. Nilikuwa nimefika mahali ambapo binti anasoma barua ya baba yake aliyekufa. Redio ya fundi ikatangaza saa ya Kinshasa, saa moja asubuhi, nami nikasikia saa moja asubuhi, nikajiambia nina muda wa kutosha. Ile moja ya kuongeza haikunijia kabisa. Niliisoma barua ile mara mbili, nikalia kidogo, nikafunga kitabu, nikatoka na rejista kwapani nikitembea kwa heshima ya mtu anayewahi. Kumbe ilikuwa karibu saa tatu. Mtungi ulikuwa mtupu, umekwisha kufutwa kwa kitambaa.

Nilijua kabla sijafika jikoni. Maman Nsimire alikuwa amengojea maji yake, akaona saa mbili imepita zamani, akadhani nimekwisha kupima na kusahau kumletea, jambo ambalo kwa mtoto wa shule si la ajabu. Akayafuata mwenyewe. Chungu kilikuwa motoni na maharagi yalikuwa yanacheza ndani. Nikamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa maji yalikuwa kiasi gani.

"Maji? Ilikuwa ya kutosha maharagi."

Nilitazama chungu kile kwa muda mrefu. Nilifikiria hata kumwaga supu ndani ya glasi, lakini alikuwa ameongeza maji ya paani, na chumvi. Nikarudi ofisini. Nilijaribu kukumbuka jinsi mabati yalivyopiga kelele usiku, nikalinganisha na mvua nyingine ambazo nilizisikia na kuzipima. Kisha nikaandika kumi na nane nukta nne. Ile nukta nne ndiyo inayoniaibisha mpaka leo. Mtu anayekisia kwa nia njema anaandika kumi na nane. Anayeweka na nukta nne anataka kuaminiwa.

Papa Birindwa aliporudi aliuliza, nikamsomea, akasema vizuri. Mvua zikaisha, kiangazi kikaja na vumbi lake, mwezi wa tisa mvua zikaanza tena, na mimi nilikuwa na furaha, lazima niseme hivyo kwa sababu ni kweli. Mtu mwenye miaka ishirini anaweza kubeba uongo miezi minane na bado akala vizuri. Ulinigusa kwa namna nyingine, kama jiwe dogo ndani ya kiatu: siku fulani silisikii, siku nyingine ninachechemea. Nililisikia hasa alipowaambia wageni habari za miaka yake thelathini. Alikuwa ameanza kuitaja kwa sauti ya mtu ambaye ameona mwisho wa mlima. Alimnunulia mkewe kitenge kipya kwa ajili ya siku ya inspekta. Yeye mwenyewe alitoa koti lake kwenye sanduku, akalitundika dirishani mwezi mzima ili liache harufu ya kafuri.

Mwanzoni mwa Desemba tukafika kwenye rejista ya mwisho, ya mwaka wetu wenyewe. Nilikuwa ninajua kwamba siku ile inakuja, ukurasa kwa ukurasa, na nilikuwa nimeamua kuipita haraka. Nikasoma tarehe, nikasoma namba, au chiffre kama tulivyoiita, kwa Kifaransa, dix-huit virgule quatre, ile kumi na nane nukta nne yangu, na tayari nilikuwa kwenye tarehe iliyofuata aliponigusa mkono. Maman Nsimire alikuwa kizingitini anachambua mchele.

"Ngoja kwanza. Ile siku miye nilikuwa Luvungi. Mu observations uliandika nini?"

Nikasema hakuna kitu nilichoandika.

"Basi niambie tu. Ile mvua ilikuwa namna gani?"

Hakuwa ananishuku. Naapa hakuwa ananishuku hata kidogo. Katika miaka thelathini hiyo ndiyo mvua pekee ya usiku ambayo hakuisikia kwa masikio yake, na alitaka ahadithiwe ili aiweke pamoja na nyingine. Alikuwa ameinamisha kichwa, amefunga macho yake yasiyoona, anangojea. Kama angekuwa mkali ningemdanganya tena.

"Papa, ile chiffre nilitunga tu mu kichwa yangu," nikasema. "Sikupima. Nilichelewa, nilikuwa nasoma kitabu. Na maji ilikuwa imesha ingia mu maharagi."

Mikono ya Maman Nsimire ikatulia juu ya ungo. Papa Birindwa akauondoa mkono wake kwenye wangu. Alisimama, akapapasa fimbo yake, akatoka mpaka kwenye ua wa waya, akakaa pale juu ya jiwe akinipa mgongo. Chakula kikapoa. Nilianza kufunga nguo zangu kwenye kitambaa, nikilia bila kujizuia, maana nilijua nimemvunjia mzee wa watu kitu ambacho hakuna awezaye kukirudisha, hata akitaka. Huwezi kwenda kuinyesha upya mvua ya mwezi wa nne. Maman Nsimire akaja mlangoni, akaniambia kwa sauti yake ndogo kwamba alikuwa ananingojea niseme tangu siku ile ile, maana uso wangu mbele ya chungu ulikuwa uso wa mtu aliyefiwa. Nikamuuliza kwa nini hakusema yeye. Akajibu kwamba hakuwa mwangalizi. Kisha akachukua kitambaa changu cha nguo, akakifungua, akaanza kuzitundika nguo moja moja kwenye misumari yake.

Siku tatu Papa Birindwa hakuzungumza nami ila kuhusu kipimo. Siku ya nne alikuja ofisini baada ya saa mbili, akakaa, akaniambia nifungue ule ukurasa.

"Piga mustari moja juu ya ile chiffre. Moja tu, watu bapate bado kuisoma. Kisha mu observations andika vile uliniambia."

"Yote, Papa? Hata maharagi?"

"Hata maharagi. Maji njo kwenye ilienda."

Nikaandika. Mwandiko ni mbaya. Nilimuuliza itakuwaje kuhusu miaka thelathini. Alisema inamuuma, inamuuma sana, na nisifikiri kwamba imekwisha kwa sababu ameanza kusema nami. Kisha akauliza kama mchele ule aliouchambua mkewe siku ile ulikuwa umebaki, tupikiwe.

Inspekta alifika wiki moja kabla ya Krismasi, mtu mfupi mwenye adabu, koti lake la abakosi, lile lisilovaliwa na tai, limepigwa pasi vizuri, akiita kila mtu citoyen, yaani mwananchi, kama ilivyokuwa sheria ya wakati ule. Papa Birindwa alimngojea amevaa koti. Kabla mgeni hajafungua hata rejista moja, mzee akamwambia kuna shimo la siku moja, akaniambia nimwonyeshe mahali. Inspekta alisoma maelezo yangu, akayasoma tena, na nadhani alijizuia kucheka. Alisikitika kweli. Akasema kwa upole kwamba mambo hayo yana dawa: atachukua vipimo vya siku ile vya vituo vingine, kimoja kikiwa upande wa Bunyakiri, atafanya wastani, ataujaza, na mfululizo utakuwa kamili. Mtu hataona kitu. Nilimtazama mzee wangu. Nilitamani akubali, nilitamani kwa moyo wote, kwa sababu angekubali ningelala usingizi.

"Batu ba Bunyakiri," akauliza, "bao bakasikia mvua ya ku paa yetu?"

Inspekta akasema hapana, bila shaka. Papa Birindwa akasema basi aandike kilichopo. Na inspekta, ambaye nimemheshimu tangu siku hiyo, akaandika: miaka ishirini na tisa kamili, na mmoja wenye upungufu wa siku. Sahihi ya miaka thelathini haikutiwa. Tulikula wali na nyama ya mbuzi, Maman Nsimire amevaa kitenge chake kipya, na mazungumzo yalikuwa juu ya barabara na bei ya chumvi. Wakati wa kuaga, inspekta akauliza nani atashika kipimo mwezi wa kwanza, kwa kuwa ofisi haikuwa na mtu wa kutuma. Papa Birindwa akanielekezea fimbo. Inspekta akashangaa. Aliuliza kwa sauti ya chini, lakini mabati hayana siri, kama ni yule yule aliyetunga namba.

"Njo huyu. Batu benye habajakosea, miye sijue batafanya nini siku bakikosea. Huyu nimesha kumuona."

Nilikishika kipimo kile karibu miaka miwili, mpaka institut, iliyochelewa kufungua nafasi, iliponichukua. Baadaye kikapewa mtu mwingine, kisha mwingine, na leo pale pamejengwa nyumba ya ghorofa yenye vioo vya buluu. Sihuzuniki ninapopita. Nimeona vitu vingi vikiondolewa katika mji huu, na mimi mwenyewe nimeondolewa mengi, mume, meno mawili ya mbele, uwezo wa kupanda ngazi bila kusimama katikati. Kuzeeka si kubaya kama nilivyodhani nilipokuwa nawatazama wazee wawili wale kwa huruma ya ujana. Siku zangu nyingi sasa ni zile ambazo mwandishi wa riwaya angeziruka. Ninaamka, ninaota jua, ninasoma kurasa chache, mjukuu anapita kuazima mwavuli wangu. Ninazipenda siku hizo, na ninajua ni nani aliyenifundisha kuzipenda, na ilikuwa asubuhi gani.

Ilikuwa asubuhi ya mwaka mpya. Mzee alikuwa amestaafu siku iliyotangulia; familia ilipewa mwezi mmoja kuhamia nyumba yao ya Kadutu. Mvua haikuwa imenyesha tangu juzi. Nilitoka saa mbili kamili na saa niliyoazima kwa fundi cherehani, nikainua mtungi, nikaupindua juu ya glasi, halikutoka hata tone. Nilipogeuka nikamkuta amesimama nje ya ua wa waya, amevaa koti tayari kwa misa, ameshika waya kwa mkono mmoja. Miaka thelathini alikuwa akiingia humo kila siku, na asubuhi hiyo hakuingia, kwa kuwa haikuwa tena kazi yake. Akaniuliza ni ngapi. Nikamjibu hakuna kitu, nikafunga rejista bila kuandika.

"Uliangalia?"

"Niliangalia, Papa."

"Basi andika zéro. Ukiacha wazi, ni kusema hakuna mutu alifika. Zéro, ni kusema mutu alifika, akaangalia."

Nikaifungua tena rejista juu ya goti, nikaandika tarehe, nikaandika sifuri, nikamsomea vyote viwili kwa sauti. Alitikisa kichwa akaridhika. Kisha, kwa sauti ya mtu anayepanga safari ya kesho, mzee yule ambaye hakuna aliyejua miaka yake, akahesabu kwa vidole na kuniambia kwamba kwa thelathini mpya sasa imebaki miaka ishirini na tisa na siku mia tatu sitini na nne, akanitolea mkono kupitia juu ya waya ili nimwongoze, tukateremka kwenda misani.